Spana Ndani ya Bawa la Kushoto

Mpemba, Tunduma

Kaka Rabson,

Salamu nyingi. Simu zangu hupokei, basi vumilia mwandiko wangu mbaya. Kahawa imezaa vizuri, goti langu linalia kama bawaba kila nikiinama, na Mama hajambo. Bado anaficha vijiko nikienda kumsalimia.

Ile ndege ya zamani tuliyokuwa tukiitengeneza pamoja kazini nimeipata! Miaka mitatu nimeiulizia kwa madereva wa malori ya vyuma chakavu, kumbe iko hapahapa Mpemba, kwenye uwanja wa chuo cha ufundi. Vijana wanajifunzia matengenezo. Wameipaka rangi mpya, imependeza kuliko mimi.

Mkuu wa chuo aliniruhusu kuchungulia ndani ya bawa la kushoto. Unaikumbuka spana uliyoapa mbele ya mabosi na Mama kwamba nimekuibia, nikafukuzwa kazi? Imelala mle, kaka, nyuma ya nyaya, na alama yako ya kijani kwenye mpini. Na bawa hilo ulisaini kwamba umelikagua. Miaka ishirini na miwili nimeitwa mwizi.

Sikuigusa. Nimerudisha kifuniko na kukaza skrubu zote. Unajua sisi wezi tulivyo waangalifu.

Ijumaa ijayo chuo kinakualika wewe, fundi mkongwe, uwaonyeshe vijana namna ya kukagua bawa. Nimewaomba waanze na la kushoto. Mama nimeshamwekea kiti cha mbele kabisa.

Usipokuja si neno, kaka. Bisibisi ninayo.

Mdogo wako asiyekusahau,
Asajile