Papa Kisimba alisimulia ndoto

Kalemie, Alhamisi

Na bado sauti ya ile telefone niliyompa Papa Kisimba, imsomee anachoandika, imenikaa masikioni. Ni sauti ya mwanamke, sikupata nyingine, na nilihofia ataikataa kama wiki iliyopita. Akiikataa tena, sijui nitamsaidia na nini. Tangu apooze hajasema hata neno moja.

Leo tulikaa barazani kwao, ziwa limetulia kama limesinzia. Akaanza kugusa herufi kwa kidole gumba cha kushoto, pole pole, mpaka nikakunja mikono nisimsaidie. Alipomaliza, telefone ikamsomea:

"Jana niliota nasema. Wewe ulikuwa unanijibu."

Mke wake, Mama Feza, akaacha kuchambua vile visamaki vya ndagala.

"Nilijibu nini, Papa?"

Akainama, akaandika tena. Tukangoja.

"Ulisema ninyamaze kidogo."

Mama Feza alicheka mpaka machozi yakamtoka. Akavuta kiti, akakaa karibu naye kabisa.

"Leo usinyamaze. Semaka tu, Papa. Niko nasikia."

Niliondoka bila kuaga, nisiwakatize. Nikapita kando ya maji, nikifurahi kwamba ile sauti ameikubali, na sikumbuki nilifikaje nyumbani.