Mou Jingsong na Mirija Yake ya Kaboni

Mwaka umetimia, Jingsong, tangu ulipotutoka hapa Beijing, na nyumba bado imepooza.

Tunakumbuka upole wako, na jinsi ulivyokuwa ukiwamenyea wote machungwa mezani, wewe mwenyewe usile hata kipande. Tunakumbuka na kazi yako, ingawa ilitukera. Mirija ya kaboni, myembamba kuliko unywele mara maelfu, uliikuza mwenyewe kwenye ncha ya sindano, ukaifungia ndani ya chungu cha chuma kisicho na hewa, kisha ukaipiga kwa mwanga wa leza ili irushe elektroni. Ulitueleza mara mia, tukaelewa mara mbili.

Mkeo Ruolan aliionea wivu, tuseme ukweli. Sikukuu ya mwaka mpya sisi tunakunja jiaozi, zile sambusa zetu za kuchemsha, wewe unabeba foili yote ya jikoni ukakivishe chungu chako kipate joto.

"Mimi hujawahi kunifunika hivyo," alikuambia.

Ukacheka, ukaenda zako. Miaka kumi na tisa hakukanyaga maabara yako.

Mwezi uliopita Qiu, mwenzako wa kazi, alimpigia simu. Sindano yako ya mwisho bado inafanya kazi, na familia ikitaka, ataitoa aiweke kwenye kisanduku cha kioo wakae nayo nyumbani. Ruolan akavaa koti lake jekundu, akaenda maabara kama anayekwenda kuonana na mke mwenza. Qiu akawasha leza, na pale elektroni zilipogonga skrini likatokea doa la kijani, dogo kama punje ya mtama.

"Ndiyo hii?" akauliza. "Hata uzuri haina."

Akataka itolewe siku hiyo hiyo. Qiu akamweleza kwa adabu kwamba ikishatolewa itakuwa pambo tu, haitarusha tena kitu. Ruolan akalitazama lile doa mpaka machozi yakamtoka. Wivu ulikuwa bado umemjaa, alitwambia mwenyewe.

"Basi iacheni," akasema. "Ila asije mtu akadai ni yake. Kaikuza mume wangu."

Sasa kila Jumanne anakwenda kuhakikisha, na wanafunzi wanamwogopa.

Unakumbukwa na mkeo Ruolan, mwanao Yiheng, dada yako Suzhen na shemeji zako wote. Yiheng alitaka tuitaje na sindano. Mkeo kakataa katakata. Anasema wa kwanza ni yeye, na wa pili hayupo.

Mioyoni mwetu hutoki, Jingsong.