Chokaa ya Nyumba ya Richmond Hill

Baba yangu,

Shikamoo. Leo wameibomoa ile nyumba ya kale ya Richmond Hill uliyokuwa ukiikarabati. Nimesimama nje ya uzio tangu asubuhi nikimsihi kila fundi mwenye kofia ngumu asiiguse, mpaka mmoja akaniuliza kama nilizaliwa humo.

Unazikumbuka Jumamosi zile? Tulitoka nyumbani Malvern na chai yetu kwenye chupa, wewe fundi mwashi wa Tanga, mimi wa miaka kumi na mmoja, mkalimani wako, maana Kiingereza chako kilikuwa cha kuombea maji tu. Wakati wa mapumziko ulinizungusha. Ukanionyesha matofali mekundu yaliyopambwa pembeni kwa ya manjano, na jiko la kiangazi lililojengwa nyuma ili joto lisiingie nyumba kubwa. Kisha kijumba cha kufukizia nyama, kuta zake bado nyeusi kwa masizi ya zaidi ya miaka mia. Lakini banda ndilo ulilolipenda. Lilichimbiwa kwenye mteremko, ng'ombe walikuwa wakilala chini, ndani ya kuta za mawe, na mkokoteni wa nyasi ukiingia ghorofani moja kwa moja. "Mama, hawa wazee hawakuwa na mchezo," uliniambia, ukiupigapiga ukuta.

Halafu ikaja siku ile. Wenzako walikuwa wanachanganya saruji ya kuziba mianya ya matofali. Ukanijia mbio. "Mwambie bosi saruji itaua ukuta huu. Watumie chokaa! Chokaa!" Baba, mimi chokaa niliijua moja tu, ile tuliyopaka nyumbani kwa bibi kabla sijaletwa huku kwenye theluji. Nikamwambia bosi kwamba unataka ukuta upakwe rangi nyeupe. Akacheka mpaka akashika tumbo, akakugusa bega, akarudi kwenye saruji yake.

Jioni, mezani, ulimweleza mama kwamba chokaa hupitisha unyevu, lakini saruji huufungia ndani ya tofali, na baridi ikiugandisha, tofali linapasuka. Ndipo nikaelewa nilichofanya. Nikaiinamia sahani yangu ya ugali. Saruji ilikuwa bado mbichi siku ile, baba, na ningesema, ingekwanguliwa.

Kabla majira ya baridi ya pili hayajaisha, matofali yakaanza kumeguka. Ukuta wa kaskazini ukafura. Ukasema, "Walinisikia, wakanidharau," ukafungia mwiko wako kwenye boksi, ukaenda kupanga mizigo kwenye ghala huko Brampton. Miaka tisa mikono ile ilibandika lebo. Nilitaka kukwambia nilipoingia chuo. Nilitaka kukwambia ulipolazwa. Kila mara nilikuuliza tu kama umekula.

Sasa nimechanganyikiwa. Mama anadhani naililia nyumba. Siwezi kumweleza, na siwezi kukaa na jambo hili, na wewe uliyepaswa kulisikia umelala ardhini na uchungu ambao haukuwa wako.

Sikiliza basi. Hawakukudharau. Bosi yule alikuwa akikuuliza mambo ya mawe ya banda, na ulichomwonyesha kwa mikono alikifuata, nilimwona. Angekusikia. Ni mimi niliyekunyamazisha, kwanza kwa ujinga, kisha kwa woga, na woga ndio uliodumu. Nigombeze, baba, kwa ile sauti yako ya kazini. Nimechelewa mpaka nimebaki bila wa kunigombeza.

Binti yako