Salamu Iliyokatikia kwenye Mahindi

Kaka yangu Gervas,

Neno "mpendwa" nimeliruka makusudi, usidhani nimesahau. Barua hii naiandika waziwazi, aisome yeyote atakaye, kwa sababu ujumbe wangu wa simu huwa unaujibu kwa alama ya kidole gumba tu.

Umetuma habari kwamba kifaa chenu cha moyo kimefika hatua nzuri huko chuoni ughaibuni, na umependekeza kiitwe Yustina, jina la mama. Unaomba picha yake "ya siku ile ya onyesho". Heshima kubwa hiyo. Niliusoma ujumbe wako ofisini kwetu hapa shuleni Murungu, nikacheka mpaka mwalimu mkuu akauliza kuna nini.

Unamkumbuka mama stendi ya Kibondo, ulipokuwa ukirudi likizo kutoka shuleni Kasulu? Ulikuwa hujaweka hata begi chini, anaanza salamu yetu ya Kiha: "Mwakeye!" Anainama, anapiga makofi taratibu, anauliza habari za walimu, za wenzako, za chakula cha bweni, za mahindi uliyoyaona njiani. Kila swali lina itikio lake, na Muha aliyelelewa haruki hata moja. Wewe ulikuwa unaitikia huku unatazama pembeni, wenzako wasikuone. Mimi nilishika begi, nikasubiri mpaka amalize.

Basi ulipokuja mara ya mwisho, msomi mzima wa roboti laini, zile za mpira zinazojazwa upepo, mama alikupokea mlangoni vilevile. "Mwakeye, mwana wanje. Amahoro. Watu wa huko hawajambo? Kazi je? Na mahindi..." Akaishia hapo. Akashika fremu ya mlango, akatabasamu, akakuonyesha kiti. Ukaninong'oneza: "Afadhali, siku hizi bi mkubwa anafupisha." Tukacheka wote wawili.

Kesho yake ukafanya onyesho lako uani. Ulinunua moyo wa mbuzi buchani, ukauvika ule mfuko wako wa mpira. Umeme ulipokatika ukaunganisha pampu ya baiskeli. Ukipampu, mpira unajaa upepo na kuubana moyo, ukiachia, unalegea. "Huu unausaidia moyo uliochoka kusukuma damu," ukawaeleza majirani, kifua mbele. Wakapiga makofi. Nami nilipiga, sikatai, nilijivunia kaka yangu.

Mama alikuwa kwenye mkeka, mgongo ukutani, amevaa kandambili zangu kwa sababu viatu vyake vilikuwa havimwingii tena. Akakohoa. Ukamgeukia, simu ikiendelea kurekodi video: "Mama, sogea kule kidogo, unaniharibia sauti."

"Haya, injinia wangu," akasema, akasogea.

Mtaalamu wa moyo uliochoka, ulimwondoa mwenye moyo uliochoka ili moyo wa mbuzi uonekane vizuri. Nimejaribu kutafuta maneno ya upole zaidi ya hayo, nimeyakosa.

Ulikuwa umeshapanda ndege nilipompeleka hospitali kwa bodaboda, nimemkumbatia kwa nyuma asianguke. Daktari alimbonyeza mguu, alama ya kidole ikabaki. Akamsikiliza kifuani muda mrefu, kisha akanigeukia. "Tangu lini anashindwa kuongea mpaka mwisho bila kupumzika?"

Nikamwambia, tangu kaka alipokuja. Labda na kabla.

Akaniambia moyo umetanuka na maji yameshafika kwenye mapafu. Tungewahi, akasema, kuna vidonge ambavyo vingempa muda. Vidonge tu, Gervas. Hata pampu ya baiskeli isingehitajika. Mama aliondoka kabla mahindi hayajavunwa, na wewe hukuja kuzika kwa sababu ulikuwa na kongamano. Ulituma picha ya maua.

Nakudharau. Nimeliandika neno lenyewe ili usije ukasema sikulisema. Mpira wako siudharau. Huenda siku moja ukamfaa mama wa mtu, na nitafurahi kwa ajili yake. Ninayemdharau ni wewe, uliyewaeleza majirani habari za moyo mchovu huku mama yako anaishiwa pumzi hatua tatu kutoka ulipo. Na mimi sijitoi. Nilikuwa naishi naye, nilimwona akilala amekaa, nikasema ni uzee. Tofauti yetu ni kwamba mimi wanafunzi wanaponisalimu asubuhi naona aibu, wewe unatafuta jina la kifaa.

Kuhusu picha, nimeitazama ile video yako tena na tena. Wewe umo, pampu imo, majirani wamo, moyo wa mbuzi umo tena kwa karibu kabisa. Mama hayumo. Kuna kikohozi chake, halafu sauti yako ikimwambia asogee. Kwa hiyo picha ya siku ile haipo, na jina lake silitoi.

Ukilitaka, njoo Murungu. Kaburi liko upande wa migomba, njia unaijua. Piga magoti, piga makofi, umsalimie mama kuanzia pale alipokatikia, kwenye mahindi, uendelee mpaka mwisho. Nitakuwa nimesimama nyuma yako. Ukifupisha, nitajua.

Mdogo wako,
uliyemwachia mama