HB Yangu Imepanda

Mama Upendo mpenzi,

Huku Lushoto ukungu umetoka sasa hivi, na bado nimevaa sweta mbili. Usiogope tena: leo wamenipima hospitali, HB imepanda, damu inatosha.

Kwenye simu sikukuambia yote. Siku ile niliposhikwa na kizunguzungu kwenye ngazi, fundi wangu, Mzee Shekiondo, alinikataza kupanda paa. Alisema damu isipoongezeka mwezi huu, nirudi Masasi. Mkewe akawa ananiletea mboga ya mnavu na maharage kila mchana, na haondoki mpaka sahani iwe nyeupe. "Kula, baba. Nikigeuka tu utawapa kuku."

Basi leo nimerudi saiti natangaza, "HB yangu nzuri!" Unajua vijana humwita mwanamume mwenye sura nzuri HB, yaani "handsome boy". Wakapiga kelele, "Nani kakudanganya? Kwa meno hayo?" Nikacheka nao, lakini macho yangu yalikuwa kwa fundi. Yeye hakucheka. Aliisoma karatasi ya nesi hadi mwisho, akachomoa penseli sikioni mwake, nayo pia imeandikwa HB, akaichomeka kwenye sikio langu.

"Panda ukapige alama kwenye kenchi za paa."

Nakuandikia kwa penseli hiyo hiyo, nimekaa juu kabisa, miguu inaning'inia, wala sisikii kizunguzungu. Mbusu Upendo kwa ajili yangu. Na kuhusu ile HB ya vijana, wewe ndiye unayejua ukweli.

Mumeo, Baba Upendo