Aliposema "Sawazisheni Mpaka"

Kwako Mshauri mheshimiwa,

Zikufikie salamu zangu za heshima, wewe na wote unaofanya nao kazi, nami naomba uniwie radhi kwa kuchelewa kukuandikia, kwani barua hii nimeianza mara nyingi nikaichana kwa aibu. Mimi ni mgane, mwalimu mstaafu, na baada ya mke wangu kunitangulia niliona nyumba imekuwa kimya mno, ndipo nikatumia kiinua mgongo changu kununua tingatinga dogo kuukuu, ambalo watoto wa mtaani wameliita Kikohozi, ili mimi na mkwe wangu tuanzishe kazi ya kung'oa visiki na kusawazisha viwanja vya watu wanaotaka kujenga.

Kazi ya kwanza alitupa muuza mbao, ambaye kiwanja chake kimepakana na cha mkunga mstaafu, yule aliyempokea binti yangu alipozaliwa. Muuza mbao alisimama getini akasema, "Sawazisheni mpaka kwa jirani," akaondoka, nami nikaondoka kufuata dizeli, na niliporudi nilikuta tuta lililotenganisha viwanja hivyo limelala chini, mawe ya mpaka yamesukumwa korongoni pamoja na visiki, na mkwe wangu anafuta jasho kwa furaha.

"Mwanangu, alimaanisha hadi kwa jirani," nikamwambia.

"Baba, mtu kasema sawazisheni mpaka, nimeusawazisha. Angetaka hadi, si angesema hadi?"

Sasa muuza mbao anadai tuta lilikuwa karibu kabisa na kisima cha mkunga, mkunga anasema lilikuwa mbali nacho, na kwa kuwa niliwafundishia watoto wao, wote wawili wamekubaliana kwamba Jumamosi nisimame pale nionyeshe lilipokuwa. Mshauri, nisamehe, mimi sijui. Nimepita pale miaka yote bila kuangalia. Mkwe wangu naye hakumbuki, ila ananisihi nionyeshe karibu na kisima: "Ukisema hujui, Baba, nani atatuita tena? Huyu wa mbao ndiye mwenye ndugu wanaojenga." Naye mkunga ameniambia, "Shemeji, weka kidole popote, nitaridhika. Wewe hujawahi kunidanganya." Tangu aseme hivyo natamani ningetangulia mimi badala ya mke wangu, na sioni mlango wa kutokea.

Naomba radhi kwa kukuchosha. Barua hii ataileta binti yangu, mke wa huyo mkwe. Nimeifunga kwa gundi, naye hajui yaliyomo.

Wako mtiifu,
Mgane mwenye Kikohozi

JIBU

Shikamoo, mzee wangu. Pole sana, nasema kwa moyo wote. Lakini umeniomba radhi mimi tangu juu hadi chini, mimi ambaye hujanikosea chochote, na sijaona mahali ulipomwomba radhi mkunga. Hilo halipendezi.

Kazi ya ardhi huanza kwa miguu. Unatembea na mteja pamoja na jirani yake, mnachomeka vigingi wote mkiona, ndipo mashine iwashwe. Wewe ulifuata dizeli. Na mkwe wako aache kujitetea kwa sarufi.

Usionyeshe popote. Ukibahatisha, hata kwa kumhurumia mkunga, utakuwa umemnyang'anya mmoja wao ardhi kwa kutumia heshima yako. Nenda leo nyumbani kwa mkunga umwambie kwamba hujui, kisha umwambie muuza mbao vivyo hivyo, mkwe wako akiwa kando yako. Binti yako naye aambiwe. Chakula cha nyumba yake kimo humo. Majirani hao wawili waende pamoja ofisi ya ardhi wamwombe mpimaji aje na ramani, na msingi usichimbwe kabla hajafika.

Siwezi kukuahidi kwamba biashara itapona. Huenda mashine ikauzwa, huenda majirani hao wasisalimiane tena, na ramani yenyewe huenda ikampa muuza mbao anachokidai. Utaumia, mzee wangu, na mimi sina dawa ya hilo. Ila Jumamosi wakikusihi uonyeshe hata kwa kukadiria tu, funga mikono yako nyuma.