Korongo wa Njia ya Chala

Jumapili, Julai

Huyu mume wangu! Wiki nzima ananicheka kwamba nachoma mafuta kwenda kutazama ndege, leo kang'ang'ania kuja. Nilihofu ataniharibia siku. Nikamwonya: korongo hawaogopi gari, wanaogopa mtu akishuka.

Tukawakuta kwenye majani, karibu kabisa. Mara akapita mzee na ng'ombe wake. Mume wangu huyo, kashuka, kachuchumaa, anapiga makofi kama Mfipa aliyelelewa vizuri: "Shikamoo, baba!" Korongo wote wakaruka.

Kabla sijamgombeza wakapita juu yetu, mabawa meupe, taji za dhahabu.

"Marahaba. Inuka basi," mzee akacheka. Wapi! Kabaki palepale, mdomo wazi.

"Kumi na wanne, mama Neema! Nimewahesabu! Jumapili ijayo tunarudi."

Walikuwa kumi na sita. Nimemwachia.